Boila Kuukuu Haingojewi Hata Ife

Miongoni mwa dhana zilizokita mizizi katika nyumba za Uingereza, na ambazo ndugu zetu Waswahili waliohamia London, Leicester na kwingineko wamezipokea bila kuzihoji, ipo ile isemayo kwamba boila ya gesi, maadamu ingali inawaka na redieta zingali zinapata moto, haifai kuguswa hata siku itakapokufa yenyewe. Dhana hiyo husikizwa kwa heshima kwa kuwa yafanana na uwekevu. Lakini mwenye kuikadiria kwa hesabu ataiona kuwa ni israfu, na mwenye kuikadiria kwa usalama ataiona kuwa ni hatari.

Tuanze na hesabu. Boila iliyofungwa miaka ya 1980, yenye kimwali kiwakacho usiku na mchana, aghlabu haigeuzi kuwa joto la nyumba zaidi ya sehemu 70 katika kila 100 za gesi inayolipiwa, na nyingine hazifiki hata hapo. Zilizosalia hupanda dohani zikaenda kupasha moto anga. Mtu anunuaye pishi tatu za mchele, akamwaga karibu pishi nzima njiani kila arudipo sokoni, hatumsifu kwa kutunza kikapu cha zamani. Boila za siku hizi, ambazo tangu 2005 sheria ya England na Wales imezilazimisha karibu katika kila nyumba inayofungwa boila mpya ya gesi, huupoza moshi hata mvuke uliomo ukageuka maji, na joto lake likarudi mabombani. Nazo hufikia kiasi cha sehemu 90, ilimradi maji yarudiyo kutoka kwenye redieta yasizidi nyuzi 55 hivi.

Watetezi wa boila kuukuu husema kwamba zile za chuma cha kusubu ni imara, hazina vidubwasha vya umeme vingi vya kuharibika, na fundi yeyote mzoefu huweza kuzitengeneza. Hayo ni kweli, wala siyakani; lakini uimara wa chuma hautuambii lolote juu ya usafi wa moto. Nyingi katika hizo huvuta hewa ya chumbani, na dohani ikiziba, au mwali ukawa wa manjano badala ya buluu, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu wakiwa usingizini.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la wakati. Boila huelemewa zaidi katika majira ya baridi, na ndipo aghlabu ifapo. Na mwenye nyumba ambaye watoto wake wanatetemeka mwezi wa Januari hana tena nafasi ya kushauriana, bali hununua ile ya kwanza atakayoletewa, kwa bei atakayotajiwa. Hata pampu ya joto, iwezayo kushika nafasi ya boila, na ambayo kwa kila kipimo kimoja cha umeme huweza kutoa kama vitatu vya joto, na ambayo serikali imeitolea ruzuku ya paundi 7,500 huko England na Wales, yahitaji nyumba ipimwe, pengine redieta zikuzwe, na bei ya umeme, iliyo ghali kuliko ya gesi, ilinganishwe kwa makini. Mambo hayo hayafanyiki kwa siku mbili za baridi kali.

Sisemi kwamba kila boila yenye umri itupwe. Iliyo ya aina ya kisasa, hata ikiwa na miaka kumi, aghlabu yatosha kupunguziwa joto la maji yaendayo kwenye redieta, na dari ikafunikwa kwa sufi. Nisemalo ni kwamba uamuzi ufanywe na mwenye nyumba, usifanywe na ajali. Basi mwiteni fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, wakati wa kiangazi, mumwulize hali ya mwali na dohani, kiasi cha gesi kinachopotea, na kama vipuri vyake vingali vinapatikana. Aliyepanga naye adai cheti cha ukaguzi wa kila mwaka, kwani sheria yamlazimisha mwenye nyumba kukitoa. Kisha amueni, mradi muamue kabla ya baridi kuingia.