Majaribio ya Uwezekano Yasipikwe

Katika madarasa mengi ya sekondari somo la uwezekano huanza na kumalizika ubaoni. Sarafu ina pande mbili, kwa hiyo uwezekano wa kupata kichwa ni 1/2. Dadu ina nyuso sita, kwa hiyo uwezekano wa kupata tatu ni 1/6. Wanafunzi hunakili. Jaribio, kama lipo, hufanywa nyumbani: kila mmoja arushe shilingi mara 20 na kuleta matokeo.

Hapo ndipo kosa huanzia. Kesho yake madaftari hurudi yakionyesha kichwa mara 10, au 9, au 11. Aliyepata 14 amekwisha kufuta, akidhani amekosea. Lakini hesabu yenyewe inamsuta. Uwezekano wa kupata kichwa mara 10 kamili katika mirusho 20 ni takriban 0.18 tu. Katika darasa la wanafunzi 40 waliorusha kweli, watakaopata 10 kamili watakuwa kama saba. Wanne au watano watapata 14 au zaidi, ama 6 au pungufu. Mwalimu akiona 10 katika madaftari thelathini, ajue kuwa shilingi nyingi hazikutoka mfukoni. Na lawama si ya wanafunzi peke yao. Jaribio ambalo jibu lake limetangazwa kabla ya kufanywa ni imla.

John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini, alizuiliwa nchini Denmark baada ya Wajerumani kuivamia nchi hiyo mwaka 1940. Akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Mirusho 100 ya kwanza ilimpa vichwa 44, yaani sita pungufu ya nusu. Mirusho yote 10,000 ilimpa 5,067, yaani 67 zaidi ya nusu. Tofauti iliongezeka, ilhali uwiano ulisogea kutoka 0.44 hadi 0.5067. Jambo hili aghalabu halifundishwi, na matokeo yake ni kwamba kijana huamini kuwa sarafu iliyotoa vichwa vingi itakuja kulipa deni. Sarafu haikumbuki chochote. Imani hiyo hiyo ndiyo inayomaliza fedha za wengi katika michezo ya kubahatisha.

Hata hivyo, sarafu si kifaa bora cha kuanzia, kwa kuwa jibu lake linajulikana mno. Afadhali kizibo cha soda. Upande mmoja ni bapa, wa pili una meno, na hakuna kitabu kiwezacho kumwambia mwalimu kitalala chali mara ngapi. Hana budi kuhesabu pamoja na wanafunzi wake. Ubishi utazuka, na ni ubishi wenye manufaa: kundi moja limepata 0.61, jingine 0.52, je, ni bahati tu, au kizibo cha kundi la kwanza kilipindwa na kifungulio? Sakafu ya saruji na uwanja wa udongo vitatoa matokeo sawa? Kila swali linadai mirusho mingine, nayo iandikwe kwa wino, pasiwe na kufuta.

Walimu hulalamikia muda. Wanafunzi 40 wakirusha mara 25 kila mmoja, darasa limepata mirusho 1,000 ndani ya kipindi kimoja, na jumla ikiandikwa ubaoni kundi baada ya kundi, grafu ya uwiano hujichora mbele ya macho yao ikiyumba sana mwanzoni, kisha ikitulia.

Lalamiko la pili ni zito zaidi: mtihani hauulizi vizibo. Basi watunga mitihani nao wana sehemu yao. Ingetosha kumpa mtahiniwa jedwali la mirusho 1,000 ya kizibo, akadirie matokeo ya mirusho 250 ijayo, kisha aeleze kwa nini hatashangaa makadirio yake yakikosea kidogo.