NA NAHODHA AKIKOSA JE?

Wahenga hawakupotoka waliponena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii hunijia kila ninapowaza juu ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili.

Katika mchezo huo yuko mtupaji mkuu aitwaye kwotabeki. Yeye huutupa mpira mbali, nao wadakaji hukimbia kuupokea pale walipopatana. Mdakaji akipotea njia, mpira huanguka au hunaswa na wapinzani. Sasa alaumiwe nani, aliyetupa au aliyetupiwa?

Tutazame timu ya Green Bay Packers mwaka wa 2022. Kwotabeki wao alikuwa Aaron Rodgers, bingwa aliyekwisha kutuzwa mara 4 kuwa mchezaji bora wa ligi. Mdakaji wake hodari, Davante Adams, alikuwa amehamia Las Vegas, na nafasi yake ikaachiwa vijana wageni. Tangu mazoezi ya Agosti, Rodgers alilalamika hadharani kwamba vijana hao wanaangusha mipira na kukosea njia. Septemba, katika mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota, kijana Christian Watson aliwaacha mabeki nyuma, akatupiwa mpira safi kabisa. Lo! Ukamponyoka. Packers wakashindwa 23 kwa 7.

Wako wanaosema kiongozi anyamaze asije akawavunja vijana moyo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kosa lisilotajwa halirekebishwi, na Rodgers alikuwa na haki ya kudai kazi nzuri.

Lakini mwezi wa Oktoba, baada ya kushindwa na Washington, alisema katika kipindi cha mazungumzo kwamba wanaokosea mno wasichezeshwe. Nchi nzima ikasikia! Hazikupita wiki mbili, wakacheza na Detroit. Rodgers mwenyewe akatupa mipira 3 mikononi mwa wapinzani, wakalala 15 kwa 9. Je, naye angeondolewa? Wapi! Na wiki iliyofuata, yule yule Watson alidaka mipira 3 ya kufunga, wakawashinda Dallas 31 kwa 28. Kama angewekwa benchi, ingedakwa na nani?

Ndugu zangu, sisemi haya kwa kuwacheka Wamarekani. Mimi ni nahodha wa timu ya kandanda ya darasa letu. Muhula uliopita tulipofungwa na kidato cha nne, nilimfokea winga wetu mbele ya watu wote, eti yeye ndiye aliyetupoteza. Bao la pili lilitokana na pasi yangu mbovu, lakini hilo sikulitaja. Tangu siku hiyo akipata mpira hanitazami, huupiga kokote tu. Zamani tulikuwa tukienda nyumbani pamoja, siku hizi yeye hupitia njia ya sokoni.

Maoni yangu ni haya: kiongozi amwambie mwenzake kosa lake faraghani, na kosa lake mwenyewe alitaje mbele ya wote, tena alitaje kwanza. Kwa kuwa mimi nilifanya kinyume, nimeona niandike hapa ambapo shule nzima itasoma. Lile bao la pili lilikuwa langu. Ndugu yangu winga, niwie radhi.

Nanyi manahodha na viranja wenzangu, je, lenu mmeshalitaja?