Jeni Huamshwa, Haijielezi

Mwanafunzi wangu wa sekondari aliwahi kuniuliza: mbona malaria humrudia mtu ilhali mwili umekwisha kuijua? Tafsiri niliyokuwa nayo ilisema jeni "hujieleza". Darasa lilinyamaza, nami pia.

Kumbe jibu lasemeka. Kimelea Plasmodium falciparum kina jeni za kundi la var zipatazo 60. Huamsha moja, nyingine zikalala. Hiyo moja huzalisha protini inayojitokeza juu ya seli nyekundu ya damu. Kinga inapoitambua, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kuilaza na kuamsha nyingine.

Enyi wasanifu wa istilahi, kuamsha na kulaza ni vitenzi vyetu. Viingizeni vitabuni, mwanafunzi asikariri asichokielewa kuhusu homa inayomlaza.