Mama akirudi chuo, nani anajaza tanki?

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu uji wa watoto wanaoanza kula. Naomba unisubiri, msomaji wangu, kwa sababu nyumbani kwa dada yangu hapa Dodoma wiki nzima hakukuzungumzwa kingine ila kalkulasi.

Dada ana miaka 34 na watoto wawili, mdogo ana miezi minne. Baada ya kukaa na stashahada yake miaka mingi, mwaka huu amejiunga na chuo kimoja hapa mjini kusomea shahada ya takwimu. Muhula wa kwanza aliusoma akiwa mjamzito, akajifungua mitihani ikikaribia, na kalkulasi ya kwanza ikampa sapu. Sasa yuko muhula wa pili, ana kalkulasi ya pili mkononi na ile sapu inamngoja mbele. Aliyepita chuoni anajua maana yake: ukianguka tena unalibeba somo mwaka unaofuata, na mambo yakizidi unadisko.

Shemeji alikuwa ameshatoa hukumu. "Mama watoto, ahirisha mwaka." Alisema kwa upole, naye ndiye anayelipa ada. Mimi nilikuwa upande wake.

Jumamosi nikaomba kuona karatasi ya jaribio la muhula huu. Alama 7 kati ya 20. Mimi nilisoma PCB, na ile hesabu yetu ya BAM niliivuka kwa neema za Mungu, lakini nilikumbuka kiasi cha kufuatilia. Tukapitia swali moja baada ya jingine. Hatua za integresheni, ambazo ndizo somo jipya, nyingi alizipatia. Alama zilipotelea kwenye kufungua mabano, kwenye alama ya kutoa iliyosahaulika, kwenye sehemu zilizojumlishwa vibaya. Mambo ya kidato cha pili! Na si yeye peke yake: kwa miaka mingi nchini, wanaofaulu Hisabati kidato cha nne hawajafika hata theluthi ya watahiniwa. Wengi tuliendelea mbele na mapengo hayo, tukaomba Mungu yasitufuate.

Nikamuuliza huwa anasoma saa ngapi. Saa nne usiku hadi saa nane, watoto wakishalala, vyombo vikishaoshwa. Saa kumi na moja mtoto anaamka kunyonya. Ukilala saa tatu kwa usiku, hata mabano ya kidato cha pili yanakukimbia.

Usiku huo maji ya mgao yalitoka saa tano. Tukatoka na tochi, upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita unapenya hadi kwenye mifupa, tukafungulia tanki la lita 1,000. Nikamwambia anieleze hiyo kalkulasi kama anavyomweleza mtu wa sokoni.

"Ona," akasema, "bomba halitoi kwa kasi moja. Saa hii yanachuruzika, baadaye yatakuja kwa nguvu, alfajiri yatafifia. Muhula wa kwanza tuliulizwa, sasa hivi yanaingia kwa kasi gani? Hiyo ni diferensiesheni. Muhula huu tunapewa kasi ya kila dakika, tunaulizwa zimeingia lita ngapi. Unakata muda vipande vidogo vidogo, unajumlisha."

Nikamkumbusha ile herufi C ya mwishoni, ambayo tulikuwa tukiisahau tunakatwa alama bila kujua tumekosa nini. Akagonga tanki kwa chini. "Hayo ni maji yaliyokuwemo tangu jana. Kasi ya bomba haiwezi kukwambia yalikuwa kiasi gani."

Niliona aibu kuwa nilitaka mtu huyu aahirishe mwaka.

Pembeni ya daftari lake kulikuwa na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Hapo nilikuwa kwenye uwanja wangu. Kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inashauri mama anayenyonyesha asizidi miligramu 200 kwa siku, ukijumlisha chai na kahawa. Nikamwambia kwamba kwa mtu mzima nusu ya kafeini huondoka mwilini baada ya saa tano hivi. Hakunisubiri nimalize: ukinywa saa nne usiku, saa tisa imebaki nusu, saa mbili asubuhi robo. Nikamwongezea kuwa kiasi kidogo hupita kwenye maziwa, na mwili wa mtoto wa miezi minne huiondoa taratibu kuliko wa mama yake. Akalitazama kopo, akalisogeza.

Jumapili tukakaa wote, pamoja na mama mkwe wake aliyekuja kutoka Mpwapwa kumwona mjukuu. Nakiri nilimwogopa. Nilidhani atasema mwanamke wa kunyonyesha anatafuta nini chuoni. Mama aliendelea kuchambua mlenda wake kimya mpaka shemeji alipomaliza kueleza, kisha akauliza tu, "Huo mwaka ukiahirishwa, mwakani mtoto atajiosha mwenyewe?"

Shemeji akacheka, mjadala ukaisha. Tukapanga: saa kumi na mbili hadi saa mbili jioni bibi anakaa na mtoto, na dada anakwenda chumbani kwangu, mtaa wa pili, nisikokuwepo muda huo maana nakuwa kazini. Akirudi ananyonyesha, analala saa nne. Nusu saa ya mwanzo ni ya mabano na sehemu, kwa kitabu cha sekondari cha mtoto wa jirani. Vyombo vya usiku ni vya shemeji, ambaye tayari amevunja sahani mbili.

Jaribio la pili ni Jumatano. Maji yanatarajiwa Jumanne usiku, na tochi iko kwa shemeji.