Msimuoshe Mihajlović

Unajua venye matanga huwa. Mzee aliyekuwa anatukana mtaa mzima anasomewa wasifu, ghafla alikuwa "mpole, mcheshi na mpenda watu." Nyinyi mnaangaliana tu.

Hivyo ndivyo tunavyomfanyia Siniša Mihajlović.

Kama ulizaliwa baada ya 2000, pengine unamjua kwa zile video fupi tu. Beki Mserbia, mguu wa kushoto, anapiga frikiki mpaka unamhurumia kipa. Desemba 13, 1998, akiwa Lazio, aliifunga Sampdoria, timu yake ya zamani, mabao matatu kwa mechi moja. Yote frikiki! Kwa Serie A alifunga 28 za aina hiyo. Na kabla ya hapo, 1991, alikuwa kwa ile Red Star ya Belgrade iliyobeba Kombe la Ulaya, na kwa mikwaju ya penalti ya fainali alifunga wake.

Alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 53. Tangu siku hiyo, video nyingi ninazokutana nazo ni muziki wa huzuni na neno "shujaa." Basi, hadithi imeisha.

Haijaisha. Oktoba 2000, Lazio wakicheza na Arsenal, alimtusi Patrick Vieira kwa sababu ya rangi yake. Si uvumi, alikubali mwenyewe. UEFA wakamfungia mechi 2, akaomba msamaha uwanjani mbele ya mashabiki. 2003 akamtemea mate Adrian Mutu wa Chelsea, safari hii akafungiwa mechi 8. Mimi ni Mweusi. Vieira ni mtoto wa Dakar. Siwezi kujifanya hilo tusi lilipita kando yangu.

Sasa kuna wasee watasema: si tumfute tu? Hapo pia nakataa.

Angalia ukocha wake. Oktoba 2015 yuko Milan, presha iko juu. Anamweka benchi Diego López, kipa aliyekuwa ametoka Real Madrid, na golini anamsimamisha kijana wa miaka 16 na miezi 8. Gianluigi Donnarumma. Walishinda Sassuolo 2-1. Hakumwambia dogo arudi akiwa na uzoefu wa miaka mitano. Alimpa huo uzoefu. Aprili 2016 Milan wakamfuta kazi, lakini Donnarumma alibaki golini, na 2021 akabeba Euro na Italia akiwa mchezaji bora wa mashindano.

Ukaidi huohuo ulikuwa na upande mwingine. 2012, akiwa kocha wa Serbia, alimtoa Adem Ljajić kikosini kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Dogo mmoja alifunguliwa mlango, mwingine akafungiwa, na mkono ni mmoja.

Halafu 2019 akiwa Bologna, akatangaza ana leukemia, saratani ya damu. Agosti 25, mechi ya kwanza ya ligi, watu wakamwona kwa benchi kule Verona. Kofia kichwani, mwili umekonda. Alikuwa ametoka hospitali kuja kazini. Sijui wewe, lakini hiyo picha hunimaliza.

Mimi niliacha chuo. Kwetu, wageni wakija, hadithi yangu hukomea hapo: "Huyu ndiye aliacha." Najua uchungu wa kusomwa ukurasa mmoja tu. Lakini hebu niwe mkweli, kuacha chuo hakukumuumiza mtu kama tusi linavyoumiza. Kwa hivyo sisemi tumsamehe Mihajlović kwa niaba ya Vieira. Hiyo si yetu kutoa.

Ninachosema ni tumsome wote. Ukimfuta, dogo wa miaka 16 hutajifunza kumwamini. Ukimuosha, unamwambia kijana Mweusi anayecheza leo kwamba mtu akipiga frikiki vizuri, tusi lake linafutika.

Wacha frikiki zikae, na tusi likae hapo kando yake. Alikuwa mtu mmoja.

Na wewe, siku yako ikifika, ungetaka wasome ukurasa gani? Na ule ulioumiza mtu, utakuwa ushauomba msamaha?