Ini halisomi bei kwenye chupa

KILA inapokaribia Krismasi, Pasaka au wikendi ya kupeleka mahari, barabara ya kutoka Embu hadi Siakago hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani Mbeere kutoka Nairobi, Thika na kwingineko. Ndani ya buti, kando ya unga, sukari na mafuta ya kupikia, siku hizi huwa kuna chupa iliyofungwa vizuri kwa karatasi. Si bia. Ni wiski ya Kimarekani, ile iitwayo bourbon, na mara nyingi ni ya kuchanganywa. Mwenyewe akiitoa mbele ya wazee, hutaja bei kabla ya kutaja jina.

Je, chupa hiyo ina thamani ya pesa zake? Ukurasa huu ni wa afya, kwa hivyo naliuliza swali hilo kwa namna yetu: zile shilingi za ziada zinamfanyia nini mnywaji ndani ya mwili wake?

Jibu langu nalitoa mapema, msomaji, usije ukasema nimekuzungusha. Zinaununulia ulimi wake ladha, na zinamnunulia sifa. Ini lake haziliongezei chochote.

Unacholipia

Hebu tuanze na haki ya mtengenezaji. Kulingana na sheria ya Marekani, bourbon ni lazima itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi. Kisha huwekwa katika mapipa mapya ya mti wa mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na hapo ndipo inapopata rangi na harufu yake. Ikiitwa bourbon halisi, yaani ile wanayoiita “straight”, huwa imekaa humo miaka miwili au zaidi. Kila mwaka sehemu fulani ya pombe huyeyuka hewani ikapotea. Pipa, muda na hasara hiyo vyote vina gharama. Ongeza nauli ya meli, ushuru wa Kenya na faida ya muuzaji, nawe utaelewa kwa nini chupa ni ghali.

Lakini angalia neno “kuchanganywa”. Kwa sheria hiyo hiyo, bourbon ya kuchanganywa inaweza kuwa na asilimia 51 tu ya bourbon halisi, na sehemu iliyobaki ikawa pombe kali ya kawaida isiyo na rangi wala ladha. Kwa hivyo huenda karibu nusu ya kile unacholipia hakikulala ndani ya pipa lolote. Ipo pia michanganyiko ya bourbon halisi kwa bourbon halisi, na hiyo ni habari nyingine. Soma karatasi ya chupa kabla ya kusoma bei.

Hata ladha yenyewe ina ujanja wake. Mwaka wa 2008 watafiti wa Marekani waliwapa watu mvinyo ule ule mara mbili, wakataja bei mbili tofauti. Waliufurahia zaidi walipoambiwa ni wa bei ya juu, na hata picha za ubongo zilionyesha hivyo. Watu wale walikuwa wanaonja bei. Wahenga wetu walituonya zamani: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndani ya mwili

Sasa tuje kwenye ini. Chupa ya mililita 750, ile vijana wanayoiita mzinga, ikiwa na nguvu ya asilimia 40 ina mililita 300 za pombe tupu. Hizo ni sawa na chupa 12 za bia za nusu lita zenye nguvu ya asilimia 5. Hesabu hiyo haibadiliki, iwe mzinga umenunuliwa kwa Sh1,000 au Sh10,000. Ini huipokea pombe ile ile, hulazimika kuivunjavunja kwa kazi ile ile, na huumia kwa kiasi kile kile.

Wapo wanaosema pombe ya bei ghali haiumizi kichwa asubuhi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2010, vijana 95 walipewa bourbon au vodka hadi wakalewa kwa kiwango sawa. Walioamka na hangova mbaya zaidi ni wale wa bourbon. Sababu ni zile kemikali nyingine zinazoipa bourbon rangi na ladha. Ilikuwa nazo mara 37 kuliko vodka. Yaani kile kile unacholipia ghali ndicho kinachokutwanga kichwa. Na katika majaribio ya umakini na wepesi wa akili asubuhi hiyo, makundi yote mawili yalikuwa yameathirika sawa. Kwa hivyo usimpe usukani aliyekesha kwenye chupa ghali ukidhani yu salama zaidi.

Kuhusu saratani hakuna mzaha. Tangu mwaka wa 1988, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha ugonjwa huo: saratani ya mdomo, koo, ini, utumbo mpana na matiti. Saratani ya koo la chakula ni miongoni mwa zile zinazoua Wakenya wengi. Mnamo Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Halikutenga ya matajiri na ya maskini.

Rahisi inayoua

Najua kuna msomaji anayenijibu: “Afadhali hiyo ya ghali kuliko ya kufa nayo.” Hoja hiyo siidharau, hasa huku kwetu. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe haramu yenye methanoli. Mei 2014 pombe ya sumu iliua zaidi ya watu 80 katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa kati ya zilizoumia vibaya. Februari 2024, watu zaidi ya 10 walifariki katika kaunti jirani ya Kirinyaga.

Methanoli haina harufu wala ladha ya kukuonya. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho; mililita 10 tu zaweza kumpofusha mtu. Dalili huweza kuchelewa hadi saa 12 au 24: macho kuona ukungu, tumbo kuuma, kutapika, kuhema kwa nguvu. Ukimwona mtu hivyo baada ya kunywa, usimlaze eti alale itoke. Mkimbize hospitali, iwe ya Siakago au ya Embu, na useme wazi alichokunywa na saa aliyokunywa. Dawa ipo na mashine ya kusafisha damu ipo, lakini vyote vinataka mgonjwa awahi.

Lakini tafakari hoja hiyo hadi mwisho. Kinachomkinga mnywaji na methanoli ni uhalali wa kiwanda na ukaguzi wake. Bia ya kawaida iliyotoka kiwanda halali inamkinga na sumu hiyo sawasawa na bourbon. Na tena, mwenye kughushi hufuata faida. Chupa tupu ya wiski ya Sh5,000 inamlipa zaidi akiijaza upya kuliko chupa ya Sh500. Kwa hivyo bei kubwa si cheti cha usalama. Kagua stempu ya ushuru kwa ile programu ya simu ya KRA iitwayo Soma Label, tazama kama kifuniko kimeguswa, na ukimaliza chupa ivunje.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mbeere ndiyo shamba la muguka, na wengi huutafuna huku wakinywa. Muguka huchangamsha, pombe huzubaisha. Vikikutana, mtu hahisi amelewa hata akiwa amelewa. Mzinga ambao ungemlaza ukiwa nusu, anaumaliza akiwa macho, na moyo wake ndio unaobeba mzigo wa vyote viwili.

Hesabu ya nyumbani

Sasa nikuulize swali la mfukoni. Mchango wa bima ya afya ya SHA una kiwango cha chini cha Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Chupa ya Sh5,000 unayompelekea babako inaupita mchango wa mwaka mzima wa familia iliyo katika kiwango hicho. Je, mchango wa mzee umelipwa? Shinikizo lake la damu limepimwa lini? Kama hujui, basi chupa hiyo haina thamani ya pesa zake, hata ingekuwa imekaa piponi miaka 20.

Wazee wa Mbeere walikuwa na mzinga mwingine, ule wa nyuki. Asali yake ilitengeneza pombe ya muratina, nayo ilikuwa na siku zake na watu wake: mahari, tambiko, kikao cha wazee. Nayo ililewesha, wala sitaisifu kuwa dawa. Lakini ilikuwa na mpaka, na mpaka ndio afya.

Kama hunywi, msomaji, usianze kwa sababu ya chupa nzuri. Kama unakunywa, basi kunywa kidogo, kula kwanza, changanya na maji, wala usiendeshe gari. Mwenye ini, presha au kisukari, na mama mjamzito, wasiionje kabisa. Na kama unaipenda bourbon kwa ladha yake na karo imelipwa, toti moja ya chupa halali itakupa ladha yote uliyoilipia. Toti ya pili haina ladha mpya. Ina pombe zaidi tu.

Mzee naye mnunulie mzinga wa asali. Atakushukuru, na mwaka ujao utamkuta akikusubiri langoni.