Ree ni kinyonga, usiipe bei moja

Leo tupumzike kidogo na mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie kadi. Naam, zile za kuchezea, 52 na jokeri zake. Swali langu ni hili: kadi inayoweza kujigeuza utaipimaje thamani?

Huku mpakani swali hili lina uzito. Busia iko Kenya na nyingine iko Uganda. Malaba vilevile. Upande wetu, vijana na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka hucheza poka, ambayo wengi huiita kadi tu. Ng'ambo wanacheza matatu, na hapo sisemi gari la abiria. Ni michezo ya ukoo mmoja: unatupa kadi inayolingana na ile ya juu kwa namba au kwa aina, yaani kopa, uru, pau au shupaza. Anayemaliza kadi zake kwanza ndiye mshindi.

Katika michezo yote miwili kinyonga ni ree, ile yenye herufi A. Ukiitupa, unaagiza aina unayotaka. Kopa iko juu na wewe umejaza pau mkononi? Tupa ree, sema pau, mambo yamebadilika.

Sasa mtu atasema, basi ree ndiyo kadi bora, mjadala umeisha. Pole pole!

Kwenye meza nyingi za upande wa Kenya, ree pia ni ngao. Ukitupiwa 2 au 3 ili uokote kadi za adhabu, ree inazuia. Lakini huwezi kumaliza nayo. Ni lazima utangaze mapema kwamba uko kadi, kisha umalize kwa kadi ya kawaida kama 4, 5, 6, 7, 9 au 10. Kwa hiyo ree inakuokoa katikati ya mchezo, halafu mwishoni inakuwa mzigo. Mwenye ree moja tu mkononi hajashinda, amekwama.

Vuka mpaka sasa. Kwenye matatu kuna kukata: 7 ya aina iliyofunuliwa mwanzoni inaweza kuumaliza mchezo papo hapo, na kila mtu anahesabu pointi zilizobaki mkononi. Mwenye chache ndiye mshindi, na kwa hesabu ya kawaida ree ni pointi 15. Maana yake, kila zamu unayoificha ree ukingoja nafasi nzuri, unabeba deni la 15 ambalo mwenzako anaweza kulidai wakati wowote. Na ile 7 inayokata huko, kwetu ni kadi ya kawaida kabisa ya kumalizia.

Wachezaji wa Magic: The Gathering wanaujua mtihani huu. Mchezo huo ulibuniwa na mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield, ukatoka 1993. Toleo la kwanza lilikuwa na kadi iitwayo Clone: unailipia mana 4, ina nguvu 0 na uhai 0, ila ikiingia mezani inaweza kuiga kiumbe chochote kilichopo. Kukiwa na kiumbe kikubwa, umepata kikubwa. Meza ikiwa tupu, inakufa palepale. Mwaka 2011 ikatoka Phantasmal Image, inaiga vilevile kwa mana 2 tu, lakini ikilengwa na uchawi wowote inatolewa kafara. Bei imeshuka, hatari imepanda. Hakuna kinyonga wa bure.

Kwa lugha ya sisi waandika programu, anayeandika thamani(kadi) ameshapotea. Andika thamani(kadi, meza, sheria). Maswali ni matatu: sasa hivi inaweza kuwa nini? Kuendelea kuishika kunanigharimu nini? Na tunacheza sheria za wapi?

Hilo la tatu ndilo linaloniuma. Kadi zimeshaingia kwenye simu. Kola Studios ya Kampala, kwa mfano, ilitengeneza matatu ya simu, na kazi hiyo naisifu. Lakini programu haibishani na mtu. Sheria ikishaandikwa ndani ya msimbo, mtoto anayejifunzia kwenye simu anaiona kuwa ndiyo sheria yenyewe, na ya babu yake ni makosa. Mezani hapa Malaba, Mkenya na Mganda wanakubaliana kwanza: tunakata au hatukati? Ree inamaliza au haimalizi? Mazungumzo hayo ya dakika moja ndiyo yanayozuia ugomvi, hasa shilingi zikiwa mezani, na ndiyo yanayofanya mchezo ubaki wa watu wote wawili.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayetaka kuandika mchezo wa kadi, usizigandishe sheria za upande mmoja. Ziweke kwenye faili la mipangilio, na skrini ya kwanza iulize kile ambacho meza huuliza: tunacheza ya wapi? Ni mistari michache tu ya msimbo. Ukiiacha, utakuwa umempangia bei kinyonga bila kuangalia amekaa kwenye mti gani.

Haya, mimi naona hivyo. Nyumbani kwenu ree inamaliza?